Chenye Pengo Hakiuzwi

Nyumbani kwetu hakuna chombo kizima. Vikombe havina mikono, sahani zina nyufa, na bakuli la sukari limefunikwa kwa kifuniko cha birika ambalo hakuna anayekumbuka lilikwenda wapi. Mgeni akija mara ya kwanza hudhani tuna dhiki, na mgeni asiye na haya husema. Chini ya nyumba hii kuna duka letu la vyombo vya kioo vya zamani, na Mama alipolifungua aliweka sheria moja tu: chenye pengo hakiuzwi, kinanywewa. Vyombo vizima vinakaa dirishani kusubiri wenye hela zao. Vilivyoumia vinapanda ngazi kuja jikoni, na kila kimoja kinapewa mwenyewe. Mimi maziwa ya utotoni nimeyanywa kwenye kikombe chekundu cha kioo ambacho kama kingekuwa na mkono, matajiri wangekigombania.

Ya Mama ilikuwa glasi ya kijani kilichochanganyika na manjano, fupi, nzito kuliko ilivyoonekana. Kitakoni ilikuwa na kovu la duara, pale fundi wa enzi hizo alipoikata kutoka kwenye fimbo yake ya chuma, na mdomoni ilikuwa na pengo dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mama aliikuta ndani ya kreti la vyombo vya marehemu fulani, mwaka uleule alioanza biashara. Kwa sababu ya pengo haikuuzika, na kwa kuwa haikuuzika ikawa yake. Ndiyo aliyotufundishia kazi, mimi na mdogo wangu. Alitufumba macho, akatuwekea kidole palepale kwenye pengo.

"Pengo jipya linang'ata," alisema. "La zamani limeshalambwa na midomo na kusuguliwa na vitambaa, limechoka kugombana. Macho yanadanganyika. Kidole ukikiuliza kitakwambia kweli."

Macho yake yalitangulia kuondoka, akili ikafuata nyuma. Sasa haoni ila mwanga wa dirisha, na mimi hanijui. Ananiita msichana wa dukani. Asubuhi nikimvisha ananiuliza binti yake yuko wapi, nami nimeacha kumwambia ni mimi, kwa sababu nikisema hivyo anaogopa, anadhani nataka kumtapeli. Kwa hiyo nasema binti yako yuko chini, anahudumia wateja.

"Usimchokoze," ananionya. "Ana hasira huyo."

Hapo hajakosea. Mtu wa kioo anatakiwa awe na mkono mpole na ulimi mpole. Mimi mkono ninao. Msichana wa kweli wa dukani, wa mwisho tuliyemwajiri, aliangusha kibakuli cha pipi, nikamwambia maneno mpaka akavua aproni, akaitundika mlangoni, akaenda zake. Kibakuli kilikuwa cha jozi. Mtu akivunja kimoja cha jozi amevunja viwili, na hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote.

Pamoja na yote aliyoyasahau, glasi yake hakuisahau. Ukimpa, kidole gumba kinazunguka mdomo wa glasi mpaka kikute pengo. Anaigeuza pengo likae kushoto, kisha anakunywa upande wa pili, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nilikuwa nikimtazama akinywa hivyo na kujiambia kwamba bado yumo humo ndani.

Kisha mdogo wangu akanunua tochi.

Si tochi ya kumulikia njia. Ni ile ya mwanga wa zambarau, ya kukagulia noti bandia. Watu wa kazi yetu huitumia kwa sababu kuna kioo cha zamani kilichotiwa madini ya urani, na ukikimulika gizani kinawaka kijani utadhani kina roho. Wakusanyaji wanakitafuta kwa udi na uvumba. Mdogo wangu alimulika kila kitu. Alimulika duka, akamulika rafu za majirani, akamulika meno yake mwenyewe kwenye kioo cha bafuni, mpaka tukamwita Tochi, na jina likamfurahisha. Siku niliyokwenda mnadani kugombania vyombo vya hoteli iliyofungwa, alishusha pazia la jikoni akamulika kabati.

Niliporudi alinipokea ngazini, meno yote nje.

"Dada, iliwaka! Mali imekaa jikoni miaka yote hii, tunainywea maji!"

"Imewaka nini?"

"Glasi ya Mama. Nimemuuzia Mzee Lenzi, kaichukua palepale, na pengo lake. Mama tutampa nyingine, Dada, atajuaje? Haoni."

Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Lakini wakati huo nilikuwa nimekasirika tu, kwa ajili ya sheria ya nyumba. Hofu ilikuja Mama aliposhikwa na kiu.

Tulimletea glasi ya kijani kutoka dukani, kimo kilekile, uzito uleule. Kidole kikazunguka, kikazunguka tena, kikakosa pa kusimama. Akairudisha kwenye trei.

"Ya mteja hii," akasema. "Siwezi kunywea chombo cha mteja."

Tukamletea kikombe changu chekundu. Akapapasa palipovunjika mkono. "Hiki cha binti yangu." Tukamletea bakuli lenye ufa analonywea Tochi, akalijua nalo. "Kila mtu na chake," akasema, kwa sauti ya mtu anayefundisha watoto adabu mezani. Kijiko alikitema. Mrija aliuuma mpaka ukabanana. Nilipojaribu kumkamulia kitambaa mdomoni alinishika mkono kwa nguvu nisizojua kwamba bado anazo, akapiga kelele kwamba msichana wa dukani anataka kumuua.

Ikawa ndiyo hali. Anaomba maji, maji tunayo, na hanywi.

Muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani alikuja, akamfinya ngozi ya nyuma ya kiganja. Ngozi ikabaki imesimama. Midomo ya Mama ilikuwa imekauka mpaka inapasuka, na ulimi wake ulipogusa meno ulitoa mlio mdogo mkavu. Muuguzi alinivuta ukumbini.

"Kesho jioni nikirudi nikute hajanywa, nampeleka wodini akawekewe dripu," akasema. "Figo hazina subira, dada yangu. Zikigoma, zimegoma."

Dripu naijua. Safari iliyopita Mama aliing'oa sindano, damu ikatapakaa shukani, wakamfunga mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Siwalaumu, walikuwa wachache na wagonjwa tele. Lakini Mama anaona kwa mikono. Ukimfunga mikono umempofusha mara ya pili. Alilia akimwita binti yake aje amfungue, na mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimemshika mguu, na hakunijua. Alirudi nyumbani amepungua nusu. Safari hii, kwa alivyokonda, nilijua asingerudi.

Kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa Mzee Lenzi kabla hajafungua.

Anaitwa hivyo kwa sababu ya lenzi ya kukuzia anayoining'iniza shingoni hata akienda msibani. Duka lake lina zulia, na zulia kwenye duka la kioo ni dalili ya mtu mwenye akili. Akanikaribisha kiti. Sikukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kuchukua glasi."

Akatabasamu, kana kwamba nimesema nimekuja kusikia sifa za glasi. "Unajua mmenipa nini? Ile imepulizwa kwa mdomo, haina mshono wa kalibu hata mmoja. Kitako kimechubuka kwa mistari isiyo na mpango, huu unakwenda huku, huu kule. Hiyo ni mikwaruzo ya meza na ya miaka. Waghushi wanasugua kwa msasa, mistari yao inapangana kama askari wa gwaride. Halafu inawaka! Mwenzake sijawahi kumshika."

"Mzee, Mama hanywi maji."

Nikamweleza yote, hata ya bandeji. Alinisikiliza huku akifuta lenzi yake kwa ncha ya shati, na nikaona limemgusa. Mzee Lenzi si mtu mbaya. Ila ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara ukimgusa moyo bado mkono wake uko mfukoni.

"Pole sana, binti. Kweli pole. Lakini mteja wangu nimeshampa neno. Na mama yako mwenyewe ndiye aliyekuwa akituambia, bidhaa ikishavuka kizingiti haina tena mama."

"Taja unachotaka."

Akatazama nje, akaona aibu kidogo, lakini akataja. "Jagi la buluu."

Jagi la buluu limekaa dirishani kwetu tangu duka liwe duka. Mtu akiuliza njia mtaani huambiwa nenda mpaka kwenye jagi la buluu, kisha kata kulia. Mama amekataa kuliuza kwa watu waliokuja na madereva. Na mimi ni mtu ninayeomba kupunguziwa hata bei iliyoandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta.

"Chukua," nikasema.

Alishtuka. "Hivi hivi? Hata hujaniambia niongeze kitu!"

"Nenda kamwambie Tochi akupe. Sasa niletee glasi."

Badala ya kuinuka, alishika lenzi yake kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

"Iko kwa Fundi Msasa," akasema. "Nilimpelekea atoe lile pengo. Usinitazame hivyo, binti, ndiyo kazi yetu. Nzima na yenye pengo hazikai meza moja."

Nilimwambia ampigie simu. Akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. "Mashine ikizunguka yule hasikii hata radi," akasema, na mimi nilikuwa nimeshatoka.

Mama alitukataza kitu kimoja kuliko vyote: usitoe mali kwa kioo ambacho hujakishika. Nilikuwa nimetoa jagi lake kwa kioo nisichokishika, na sasa nakimbia mtaani na umri wangu huu, nikipita kwa wachomelea vyuma, nikipita kwa wauza matairi, kanda moja ya kiatu imekatika. Mtu mmoja akaniuliza kwa mzaha kama nimeiba. Nikamwambia ajibanze asije akawa wa kwanza kuibwa. Njia nzima nilikuwa naomba umeme ukatike. Mtaani kwetu unakatika mtu akipiga chafya, na siku ile niliyouombea, taa zote zilikuwa zinawaka mchana kweupe.

Karakana ya Fundi Msasa ni chumba kimoja chenye sakafu iliyolowa. Katikati kuna jiwe la kusagia linalozunguka chini ya bomba la maji, na kila kitu humo, hata kope zake, kina vumbi jeupe. Nilipofika jiwe lilikuwa limesimama. Fundi alikuwa amevaa aproni ya mpira, anakausha kitu kwa kitambaa laini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

"Ya Mzee Lenzi?" nikauliza, pumzi hazinitoshi.

"Hii hapa, mama, haijapoa mkononi." Akanipa kwa mikono miwili. "Tafuta pengo. Ukiliona nakunywa maji ya jiwe."

Nilifumba macho kama nilivyofundishwa. Kidole kikazunguka. Mdomo ulikuwa laini pande zote, umepungua kimo kwa kina cha lile pengo, na hapakuwa na pa kusimama. Alikuwa fundi kweli. Hata lile pindo la mviringo alilirudisha kwa kuling'arisha, wala mnunuzi yeyote asingejua. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikalia kwa sauti.

Fundi alifurahi. "Wengi hulia," akasema. "Juzi hapa kuna mzee mzima alilia kwa ajili ya sahani."

"Rudisha," nikamwambia.

"Nirudishe nini?"

"Pengo. Lirudishe palepale lilipokuwa."

Akaanza kucheka, akanitazama vizuri, akaacha. Alichuchumaa mbele yangu na magoti yake meupe. "Mama, mimi natoa tu," akasema kwa upole. "Anayerudisha bado hajazaliwa."

Nilirudi na glasi kifuani, nimeifunga kwenye kanga yangu ya kichwa. Njiani nilijidanganya. Nilijiambia labda ataijua kwa uzito, kwa lile kovu la kitakoni, kwa harufu, kwa lolote. Dirisha letu lilikuwa na shimo pale jagi lilipokaa, na Tochi alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, mikono kati ya magoti. Akanifuata juu.

Mama alikuwa amelala kwa ubavu, uso dirishani. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. Nilimkalisha, nikampa glasi yenye maji. Akaishika. Kidole gumba kikapanda mdomoni, kikaanza safari. Kilizunguka chote, kikarudi, kikazunguka polepole zaidi, na mimi nikawa nakisindikiza kwa macho kama mwendawazimu, simama hapo, simama. Glasi ikainama, maji yakamwagika mapajani.

"Glasi nzuri," akasema mwishowe. "Kazi ya zamani. Irudishe dirishani, msichana, kabla mteja hajaiulizia."

"Mama, ni yako. Ni yako hii, kunywa, nakuomba."

"Yangu ina pengo," akasema, na akageuzia uso ukutani.

Nilikwenda jikoni. Jua lilikuwa limeshavuka paa la jirani, na muuguzi ni mtu wa kutimiza neno. Nikatoa koleo kwenye droo ya vifaa.

"Dada," Tochi akasema. "Usifanye. Itapasuka yote."

"Shika."

"Dada, nipige mimi. Nipige tu. Lakini hiyo..."

"Nimesema shika!"

Akaifunga kwa taulo, akaishika kwa mikono miwili juu ya sinki. Katika maisha yangu yote sijawahi kuvunja kioo kwa makusudi. Nimelala sakafuni karibu na makreti, nimebeba masanduku tumboni kama mimba, nimefukuza watu kazi. Kioo cha umri ule kina hasira zake za ndani. Unakigusa hapa kinapasuka kule, kuanzia mdomo mpaka kitako. Niliuma ukingo kwa ncha ya koleo. Mkono wangu mpole ukagoma. Nikaufikiria mkono wa Mama umefungwa kwenye chuma cha kitanda, nikabana.

Ililia kidogo tu, tik. Kipande kikaanguka kwenye sinki.

Tukasubiri ufa ushuke. Haukushuka. Nikaigonga kwa ukucha. Glasi yenye ufa hukohoa, hii iliimba. Tochi alikuwa ametokwa jasho mpaka kidevuni. Pengo lilikuwa kubwa kuliko la zamani, lina kona mbili kali. Nikalisugua kwa msasa uliolowa, nikalisugua mpaka vidole vikachubuka, lakini nilijua ninachokifanya na nilijua hakitoshi. Miaka ya midomo haisuguliwi kwa mchana mmoja. Nilikuwa naghushi, na nilikuwa nampelekea kazi ya kughushi mtu pekee niliyemjua ambaye hajawahi kughushiwa.

Nilimkalisha tena. Safari hii sikutia maji, nilimpa glasi tupu. Kidole gumba kikapanda mdomoni, kikaanza kuzunguka, kikasimama.

Kikaingia ndani ya pengo, kikatoka, kikaingia tena kwa ubavu. Uso wake, uliokuwa umelala tangu jana, ukaamka. Ulikuwa uso wake wa dukani.

"Hili la leo," akasema.

Nilijishika kwenye kitanda.

"Linang'ata," akasema. "Na mtu amejaribu kulibembeleza kwa msasa. Hii ndiyo ile glasi ya dirishani uliyoniletea?"

Sikuwa na uongo uliobaki. "Ndiyo."

"Nani kaivunja?"

"Mimi."

Nilisikia Tochi akivuta kamasi nyuma ya mlango. Mama akaiweka glasi mapajani, akaifunika kwa kiganja, kama anavyofunika kitu anapotaka kufikiri bei yake.

"Binti yangu anajua?" akauliza.

Nilivuta shuka nikamfunika miguu.

"Hajui," akasema, akijijibu mwenyewe. Kisha akapapasa hewani mpaka akakuta mkono wangu, akanivuta karibu, akashusha sauti kabisa. "Sikiliza, msichana. Yule ana moyo mzuri, ila ulimi wake Mungu amsaidie. Wa kabla yako alimtoa mbio kwa ajili ya kibakuli cha pipi. Mtoto wa watu aliondoka analia. Yeye hajali kukukosa. Mimi sitaki kukukosa. Sasa hii haiuzwi tena. Chenye pengo ni cha jikoni, ndiyo sheria. Na mimi hapa sina cha kunywea, changu kimepotea. Itakuwa yangu."

"Sawa, mama," nikasema.

"Akiuliza, mwambie ni mimi niliyeivunja. Mwambie yule kipofu alipapasa ikamponyoka. Mimi ni mama yake, atanifanya nini?" Akanipa glasi. "Haya, lete maji upesi kabla hajapanda."

Nilikwenda kwenye mtungi. Chini yetu dukani kulikuwa na rafu za glasi kutoka ukuta hadi ukuta, na yoyote kati ya hizo ingetosha, kama ningethubutu kuivunja siku ya kwanza. Nilijaza. Alipokea, kidole kikaenda kwenye pengo, akaligeuza likae kushoto, akanywa upande wa pili. Alikunywa taratibu, mpaka tone la mwisho, koo lake likipanda na kushuka, kisha akainyoosha glasi nimwongezee.

"Na usilie," akaniambia. "Glasi ni glasi tu. Utamwambia ni mimi?"

Nikasema nitamwambia.